Nyuma ya Majumba

Nimeonyeshwa bafu nyingi katika maisha yangu. Bafu za chuma zenye miguu ya simba, bafu za vigae vya buluu, na moja ya shaba ambayo mwelekezaji alituambia ililetwa kwa meli, kisha kwa reli, kisha kwa mkokoteni wa maksai. Kila jumba la zamani lililofunguliwa kwa wageni kati ya Naivasha na Mau lina bafu yake ya kujivunia, nami kila mara huuliza swali lile lile: maji yalibebwa na nani? Waelekezaji wengi hucheka. Mmoja kule Njoro aliniambia, "Madam, hiyo haiko kwa script." Nilimwambia aiongeze, na sikutoka mlangoni mpaka akachukua kalamu.

Mimi ni mwalimu wa historia niliyestaafu, na naishi Nakuru, mji ambako baba yangu aliletwa na kazi ya reli. Tangu niache chaki, Jumamosi zangu ni za majumba ya kale na viwanda vilivyokufa. Nimezunguka stesheni zisizo na treni. Nimeshuka kwenye mapango meupe ya Kariandusi, ambako udongo mwepesi kama unga ulichimbwa kwa sururu, na mama yangu akakohoa mpaka ikabidi turudi juu. Kwa maana siendi peke yangu. Mama ana miaka themanini na minne, anakaa nami tangu baba afariki, na hakuna safari aliyowahi kuikataa. Hukaa kiti cha mbele na chupa ya chai mapajani, huku akilalamika kwamba naendesha gari kwa hasira.

Kwa muda mrefu nilidhani anapenda majumba kama ninavyoyapenda mimi. Lakini sebule hazikumshughulisha. Sisi tukionyeshwa piano, yeye alikuwa keshapotea, na nilimkuta nyuma, penye jiko, penye tangi la maji, penye mabanda ya wafanyakazi, amesimama anatazama chini. Nilimtania kwamba anatafuta mboga. Siku moja, kwenye nyumba ya mawe karibu na Ziwa Elmenteita, nilimsikia akizungumza na ardhi. Alikuwa akilitaja jina la baba yake, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa watu asiowajua.

Baba yake aliondoka kwao Vihiga mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akaja huku Bonde la Ufa kuwafanyia wazungu kazi. Hakurudi. Baada ya misimu kadhaa alifika kwao mtu wa kijiji cha jirani akiwa na blanketi lake, akasema: amekufa kwa kichomi, tumemzika nyuma ya nyumba ya bwana, karibu na tanuri alilokuwa akilitia kuni. Jina la shamba mtu yule hakulitaja, au alilitaja likapotelea kwenye kilio. Alikunywa uji, akaenda zake, na hakuonekana tena.

Kwetu, mtu asiyerudi huzikiwa mgomba. Walikata shina, wakalifunga kwa blanketi lile, wakalizika, na bibi akanyoa nywele. Lakini mgomba ni wa kuwatuliza waliobaki. Mwenyewe husalia kule alikofia mpaka watu wake waende wamwite kwa jina, wachote udongo wa mahali alipolala, wampeleke nyumbani. Njiani wanaomchukua hawasalimii mtu wala hawasemezani wao kwa wao. Husema naye tu. Humwambia: hapa tunavuka mto, hapa tunapanda. Ukimsahau mtoni, anabaki ng'ambo, na safari yote imekuwa bure.

"Nataka arudi kabla sijaenda," mama aliniambia siku ile, amekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya watu. "Kaka zangu walisema watafanya, wakazeeka, wakafa. Amebaki mmoja, naye ni mgonjwa. Kanisani hawataki kusikia. Nikifa mimi, hakuna mtu tena duniani atakayemwita baba."

Niliumia kwamba hakuwa ameniambia. Nilikuwa nimemzungusha majumba hayo miaka yote nikimweleza habari za mapaa na matofali, naye anatafuta kaburi. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Wewe ni mtu wa vitabu. Niliona utacheka."

Sikucheka. Nilifanya jambo baya zaidi, nikajitia kujua. Mtunzaji wa nyumba ile alikuwa mzee wa makamo ya mama, mpole, anayependa kukubaliana na wageni. Nilimwuliza kama nyuma ya nyumba palikuwa na tanuri. Akasema ndiyo, la kuchomea chokaa, akanionyesha matofali yake yaliyomeng'enyeka kwenye nyasi. Nikamwuliza kama kuna watu waliozikwa karibu. Akasema, "Wako. Watatu ama wanne. Sisi tulikuwa tunaambiwa ni watu wa kutoka magharibi." Nilifunga daftari langu papo hapo. Mwanafunzi angeniletea hoja kama ile, tanuri moja na "tuliambiwa," ningempigia mstari mwekundu ukurasa mzima. Lakini haikuwa insha ya mwanafunzi, ilikuwa yangu, nami nilitaka sana kuwa mtoto aliyempatia mama yake jibu.

Tukafanya kila kitu kama inavyotakiwa. Mjomba, yule kaka wa mama aliyebaki, alikuja kutoka nyumbani akiwa na fimbo, kwa kuwa kazi ile ni ya mwanamume wa boma. Alileta kitambaa cheupe kipya na tawi la mti wa kwetu. Mtunzaji alituruhusu, akavua kofia, akasimama kando. Mjomba aliita jina mara nne, akachota udongo, akaufunga, akaubeba kifuani mpaka Vihiga bila kumwachia mtu mwingine, na kila daraja alisema, "Baba, tunavuka." Tulimlaza kando ya bibi. Mjomba alilia kama mtoto, kwa sauti, na hakuona haya. Alikufa mvua za mwaka uliofuata, na hadi siku ya mwisho kila aliyekuja kumwangalia alimwambia baba yake amerudi.

Mimi nilijisikia mtu mkubwa. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwenye harusi na matanga niliwasimulia ndugu jinsi nilivyolipata lile tanuri, na kila nilivyosimulia, wale watatu ama wanne wakawa wachache zaidi, mpaka akabaki mmoja.

Mama alinishukuru. Aliendelea kuja nami Jumamosi, aliendelea kutokomea nyuma ya nyumba wakati wa piano. Nilidhani ni mazoea tu.

Miaka miwili baadaye nilisikia kwamba karibu na Keringet kuna familia iliyofungua nyumba ya zamani ya shamba la pareto, pamoja na banda la kukaushia maua. Nilienda kwa ajili ya banda. Majumba ya mabwana yamehifadhiwa mengi, lakini mahali pa kazi penyewe huachwa paoze, na nilitaka kuliona kabla halijang'olewa mabati. Asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya Kuresoi inayoingia kwenye mifupa. Mama alivaa sweta mbili na kufunga kitambaa kichwani, kile chake cha zamani cha maua mekundu kilichofifia.

Tulipokewa na mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa gambuti, mikono bado ina udongo wa viazi. Bibi yake alichuma pareto hapo enzi za mzungu, akatuambia, na familia yao ndiyo inayolima sasa. Hakuwa na hotuba aliyoikariri. Nilimpenda tangu alipoipita bafu bila kuitaja.

"Gogo, wewe kalia hapa," alimwambia mama, akimwita bibi kwa heshima ya kwao, akamletea kigoda ndani ya banda. "Hapa upepo haiingii. Mimi nimwonyeshe madam hizi vitu."

Banda lilikuwa refu, jeusi kwa moshi wa zamani. Trei za waya zilikuwa bado kwenye rafu zake, juu mpaka darini. Mwisho wa banda kulikuwa na mdomo wa tanuri, mkubwa kiasi cha mtu kuingia akiinama. Moto uliwashwa huko, yule mwanamke alieleza, na joto likapita chini ya sakafu hadi kwenye maua. Mtu wa kutia kuni hakulala msimu wa kuchuma. Moto ukizimika pareto inaoza, ukizidi inaungua, na kwa vyovyote vile ni yeye anayeulizwa. Nilisikiliza kama mtalii. Nilikuwa na neno tanuri mbele ya macho yangu na sikushtuka hata kidogo, kwa kuwa tanuri langu nilikuwa nimeshalipata.

Karibu na dirisha palikuwa na meza ya vitu walivyookota: mizani, muhuri wa magunia, kengele ya kuamshia watu. Kisha sanduku lenye kioo juu, na ndani yake vipande saba. Niliwahi kuvifundisha darasani bila kuwahi kuviona vingi hivyo mahali pamoja. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuvaa shingoni kipande, kibati chenye karatasi yake ndani: jina, baba, lokesheni, alama za vidole, bwana wake ni nani, ameanza kazi lini, ameachishwa lini. Bila sahihi ya bwana ya kumwachisha, hakuwa na ruhusa ya kwenda popote.

"Hizi tulipata kwa drawer ya ofisi," mwanamke alisema. "Ilikuwa imefungwa na key imepotea. Mzee wangu aliivunja na nyundo. Sisi hatujui ni akina nani, lakini kutupa jina ya mtu tuliona ni vibaya."

Nina ugonjwa wa kusoma kwa sauti, ugonjwa wa walimu. Nilianza kuyasoma majina moja baada ya jingine. La tano lilikuwa la babu yangu.

Nililisoma likapita. Nilikuwa nimeshaanza la sita niliposikia mama kwenye kigoda chake akisema, "Rudi nyuma."

Nikarudia. Kisha, kwa haraka, nikamwambia majina kama hayo ni mengi, kwamba kwetu nusu ya kijiji wanaitwa hivyo. Nilikuwa naona vizuri nilichokiona, na nilikuwa nalitetea lile tanuri la Elmenteita kwa nguvu zangu zote.

"Baba yake ameandikwa nani?" mama akauliza.

Nikasoma.

"Na lokesheni?"

Nikasoma. Yule mwanamke alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akaelewa bila kuambiwa. Alifungua sanduku, akakitoa kibati, akaenda kukiweka kwenye viganja vya mama.

"Nilijua," mama alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Tangu tumlete yule wa Elmenteita, naota mtu mrefu amekaa pale langoni kwetu. Amenipa mgongo. Anaimba lugha ambayo mimi siijui. Mama yangu aliniambia baba alikuwa mfupi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema. "Na kaka yangu pia. Ningewaambiaje?"

Nilikaa chini, juu ya sakafu yenyewe. Nilimfikiria mjomba, amelibeba furushi lile kifuani saa baada ya saa, anamwita mtu asiyemjua baba. Nilimfikiria na huyo mtu, amechukuliwa alikolala na watu wageni kabisa, anavushwa mito akiitwa jina la mwenzake, na hana namna ya kusema hapana. Mtu wa nani? Pengine watu wake nao walikuwa wakimtafuta. Pengine walikuwa wameshafika kule nyuma ya nyumba, wakaita, kukawa kimya. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na wakati ule ule nilikuwa natafuta kichwani jinsi ya kuifanya isiwe kosa langu.

Mama hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameikunjua karatasi, ya rangi ya chai, imechanika kwenye mikunjo. Picha ya baba yake haikuwahi kuwako. Mama hakuijua sura yake. Sasa aliziona alama za vidole vyake kumi, nyeusi, zimepangwa safu mbili, kila mstari wa ngozi umeonekana. Alikiweka kidole gumba chake karibu na kile cha karatasi, bila kukigusa, akakitazama kwa muda mrefu.

"Hiki ni yeye kabisa," akasema. "Hiki si maneno ya watu."

Kisha akaniita nimsomee yote, kwa Kiswahili, bila kuruka. Nikasoma tarehe ya kuanza, kazi ya kutia kuni, jina la bwana. Nilipofika chini nikasita.

"Hapa ni pa kuandika ameachishwa lini," nilisema. "Hapajaandikwa kitu. Hapana sahihi."

"Mtu akifa hawaandiki?"

"Ilipaswa wamalize karatasi wairudishe serikalini. Hawakufanya. Waliiweka tu."

Mama akatuambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kabla yake yeye kulikuwa na mtoto mwingine, mvulana. Alipokufa, walimtumia baba yao ujumbe aje azike, naye akajibu kwa mdomo wa mtu kwamba bwana hajatia sahihi, na akitoka hivyo hivyo atakamatwa stesheni. Mtoto akazikwa bila baba. Bibi hakuwahi kumlaumu mumewe kwa hilo, alisema tu kwamba yule si mtu wa kutoroka.

"Kwa hivyo bado yuko kazini," mama alisema. Aliligeukia lile tanuri. "Tungemwita hata mara mia, asingekuja. Hajaachishwa."

Nilijua vipande vilifutwa zamani, bwana yule alishakufa, serikali yenyewe iliyochapisha ile karatasi iliondoka. Lakini nilijua pia kwamba babu yangu alikufa bila kujua hata moja ya hayo. Kwa upande wake, hakuna aliyemwambia.

Mama akamwuliza yule mwanamke, "Mwenye hapa sasa ni nani?"

"Ni sisi, gogo. Ni boma yetu."

"Basi mwachishe kazi."

Mwanamke aliitazama karatasi, akajifuta mikono kwenye sketi. "Gogo, mimi naogopa kuandika hapo. Si mimi nilimwandika kazi. Na kaka zangu wataniuliza."

"Sikukuambia uandike. Mwambie tu. Wewe ndiye mwenye shamba, atakusikia wewe."

Tulitoka nje tukazunguka banda. Nyuma ya bomba la moshi, mahali viazi vilipoishia, palikuwa na kipande cha ardhi chenye nyasi ndefu ambacho jembe halikuwahi kukigusa. Mwanamke alisema bibi yake alikataza kupalima, na wao walikatazika bila kuuliza sana. Hapakuwa na jiwe wala mti wa alama. Alisimama pale na gambuti zake, mikono imeshikana mbele. Alimwuliza mama jina, mama akamwambia. Akalitamka kwa lafudhi ya kwao, akakosea kidogo, akarudia mpaka likakaa sawa.

"Mzee," akasema, "mimi ndiye mwenye hapa siku hizi. Pareto iliisha. Moto tulizima kitambo. Hakuna mtu anakudai kazi ingine. Umefanya ya kutosha, na tunasema asante. Enda nyumbani na watu yako."

Akaongeza maneno kwa lugha yake, mafupi, ambayo hakututafsiria na sikumwomba. Nilikuwa nalia. Nimewasumbua waelekezaji nusu ya Bonde la Ufa niwasikie wakilitaja hata jina moja la mtu aliyefanya kazi, na huyu, ambaye sikumfundisha kitu, alikuwa amempa babu yangu shukrani ambayo bwana wake hakumpa.

Hatukuwa na kitambaa cheupe. Hatukuwa na tawi, wala mwanamume wa boma, wala fimbo. Nilimwambia mama turudi Jumamosi nyingine tukiwa tumejiandaa, nimpigie binamu aje. Mama alikuwa ameshafungua kitambaa chake kichwani. Alipiga magoti, mvi zake zikipigwa na baridi, akaita jina mara nne, akachota udongo kwa mkono mtupu.

Kile kibati mwanamke alitaka tukichukue. Mama alikataa. Alisema hiyo ilikuwa kamba ya shingoni, na hawezi kumvika tena. Akaomba karatasi tu, ikaguliwe na kaka za yule mwanamke, na wakikubali, siku moja aje aichukue. Ilifika kwa basi baada ya wiki tatu, ndani ya bahasha safi, lakini hiyo ni baadaye.

Kutoka Keringet mpaka Vihiga sikusema neno. Ndiyo sheria. Mama alikaa nyuma, furushi mapajani, na nilimsikia akimwambia baba yake: hapa ni Molo, hapa ni Mau Summit, hapa majani chai yanaanza, hapa tunateremka, sikia joto. Kwenye daraja la Nyando alisema, "Tunavuka, baba," na gari lilipofika upande wa pili akasema, "Tumevuka." Polisi alitusimamisha karibu na Ahero. Mama alilionyesha furushi kwa kidevu, bila kufungua mdomo, na yule polisi, ambaye bila shaka ni mtu wa sehemu hizo, alirudi nyuma hatua moja akatupungia mkono tupite.

Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia mama, nisamehe, na sheria haikuniruhusu kulitoa. Nadhani ilinifaa. Ningeruhusiwa kusema, ningeeleza. Ningetaja yule mtunzaji mpole, ningetaja matofali, na mpaka tufike Kericho kosa lingekuwa nusu langu na nusu la watu wengine.

Tulifika jua bado liko juu. Binamu, mtoto wa mjomba, ambaye sasa ndiye mwenye boma, alikuwa amepata ujumbe wangu niliomwandikia kabla hatujaondoka. Alichimba upande wa pili wa bibi, kina cha mkono. Mama aliufungua ule udongo mwekundu wa Keringet akauweka mwenyewe, akafunika, akapapasa juu kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi, na tukamwinua mimi na binamu. Uso wake ulikuwa umelegea. Sijui niseme vipi: miaka yote ile nilidhani ile mikunjo ya paji la uso ni ya uzee.

Binamu aliuliza, kwa sauti ya chini, tumfanyeje yule mwingine. Baba yake alikuwa amempandia maua yule mwingine. Baba yake alikuwa amezikwa miguuni pake. Alisema pengine afukuliwe arudishwe Elmenteita.

"Amrudishe nani?" mama akamwuliza. "Mtu amekaa hapa miaka miwili. Mmekunywa chai na yeye amekaa hapo. Utamwambia nini, kwamba hapana, si wewe?"

Alijikokota hadi kwenye kaburi lile, akalisemesha akiwa wima, kama anavyosemeshwa mgeni mwenye heshima zake.

"Wewe," akasema, "usisikie vibaya. Mwenye kitanda amefika, lakini chako hakijachukuliwa. Mtoto wangu alikosa njia, sisi tukamfuata. Sasa geuka utuangalie. Watu wako wakija, tutawaonyesha ulipo. Wasipokuja, wewe ni wetu."

Kisha akanigeukia, akaniambia, "Mwalimu, na wewe sema yako."

Binamu aliondoka ili anipe nafasi. Nilipiga magoti. Maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Molo yalikuwa ya mama, hayakuwa ya mtu huyu, na hakuna hata moja lililomfaa. Nilikuwa nimemwondoa alikolazwa na wenzake, nikampa jina lisilo lake, nikajigamba naye harusini. Sikujua anaitwaje. Sikujua alikuwa anaimba lugha gani pale langoni, kwa hiyo nilianza na salamu.